Uliza Maabara: Mzee ana mailoma, tumnyime maharagwe?

Wiki hizi mbili meseji zimeingia nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, kansa ya damu na hii maneno ya protini. Kuna meseji inatembea kwa magrupu ya WhatsApp ati protini ndio inalisha kansa, mimi mwenyewe nimetumiwa mara tatu, na ya tatu ilitoka kwa shemeji yangu kwa hivyo hata sikuweza kujibu vile nilitaka. Kwa wale wapya hapa: mimi si daktari, mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuangalia damu na uboho, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, kwa darubini siku nzima. Mambo ya dozi na dawa gani, hiyo ni ya daktari wako. Haya, tuanze.

*

Habari za kazi. Baba yangu ana miaka 67, alianza kuumwa na mgongo tukadhani ni uzee na kazi ya shamba, tukampaka dawa ya kuchua miezi na miezi, mpaka damu ikapimwa na uboho ukatolewa kwa nyonga tukaambiwa ni mailoma, kansa ya damu. Kwa ripoti wameandika protini kwa damu iko juu sana. Sasa grupu ya kanisa imetumwa meseji ati protini ndio chakula ya kansa, tukate maharagwe, mayai, omena, nyama na maziwa, abaki na mboga na ndizi. Mama ameshaanza. Mzee amekonda kwa wiki mbili na analalamika njaa usiku. Tuendelee ama tuwache?
Binti ya Mzee, Umoja

Wacheni leo, dada yangu. Kama daktari hajawaambia figo zake zina shida, mpikieni maharagwe jioni ya leo, na mwambie mama hajakosea kumjali mzee, amedanganywa tu na meseji.

Naelewa kwa nini iliwaingia. Ripoti inasema protini iko juu, meseji inasema protini ni mbaya, mtu anajumlisha mbili na mbili. Lakini hizo ni protini mbili tofauti na mpaka uelewe protini inatengenezwa aje hutaona tofauti, kwa hivyo nivumilie kidogo.

Ukienda Maasai Market Jumamosi, utapata akina mama wamekaa chini na mabakuli ya shanga. Mchoro uko: nyekundu tatu, nyeupe moja, bluu mbili, sindano inaingia inatoka bila hata yeye kuangalia. Seli zako ziko na akina mama kama hao, kwa seli moja wanaweza kuwa mamilioni, wanaitwa ribosomu. Shanga zao ni aina 20, ndio hizo asidi amino mliskia shule. Mchoro unatoka ofisini, yaani kwa jeni ndani ya kiini cha seli, unanakiliwa kwa karatasi inaitwa RNA, ribosomu inaipokea inasoma inatunga, inasoma inatunga, mpaka mkufu unaisha, unajikunja, hiyo sasa ndio protini. Hemoglobini ni mkufu. Insulini ni mkufu. Kingamwili za kupigana na homa ni mikufu.

Sasa maharagwe ya mzee ni nini hapo? Ni mikufu ya mitumba. Tumbo inakata uzi, shanga zinamwagika bakulini, basi. Shanga haikumbuki ilitoka kwa ndengu ama kwa kuku. Na mchoro wa nini kitungwe haukutoka kwa sahani, ulitoka ofisini.

Shida ya mzee iko kwa ofisi. Tuko na seli zinaitwa seli za plasma, zinakaa kwa uboho, kazi yao ni kutunga kingamwili tu, maelfu kwa sekunde. Nikiziweka chini ya darubini nazijua bila kuulizwa: kiini kimesukumwa kando, kama mtu amekalia ukingo wa kitanda, na mwili wote wa seli umeshika rangi ya bluu nzito. Ile bluu ni RNA, ribosomu zimejaa mpaka seli imekuwa bluu. Kwa mailoma, seli moja kama hiyo iliharibika jeni zake ikaanza kujizalisha, watoto wake wote wanatunga dizaini ileile moja, hakuna aliyeiagiza, hakuna ugonjwa inaotibu, na wanaimwaga kwa damu usiku na mchana. Hiyo ndio “protini juu” ya ripoti. Inaonekana hata kwa tone la damu, chembe nyekundu zinashikana zinapangana moja juu ya nyingine kama sahani kwa hoteli, kwa sababu ile protini imezifanya zinate. Mara nyingi hiyo picha ya sahani ndio inanifanya niite mwenzangu aje acheki kabla sijaandika kitu.

Halafu, ukimnyima mzee chakula zile seli mbaya hazikosi shanga. Mwili unaanza kukata mikufu yake mwenyewe, ya mapaja, ya mabega. Ndio huko kukonda mnaona. Yeye anaisha, kansa inaendelea kula kwa bakuli lilelile.

Kuna dawa pengine mtaisikia kliniki, bortezomibu, iliruhusiwa Marekani 2003. Kila seli iko na mahali pa kukatakata mikufu iliyotungwa vibaya, tuseme jalala lake. Seli ya mailoma kwa vile inatunga kwa fujo iko na takataka nyingi sana, sasa hii dawa inafunga jalala. Mnajua mtaa ukikosa lori ya taka wiki mbili inakuwa aje. Seli ya kawaida inavumilia kidogo, ile ya mailoma inakufa kwa uchafu wake. Naipenda hiyo dawa kwa sababu inatumia bidii ya adui kumwangusha, lakini pia inaweza kuleta ganzi na kuchomwachomwa kwa vidole vya miguu, mzee akisema hivyo msimwambie ni baridi ya July, mwambieni daktari.

Mahali pekee protini ya chakula inaingia ni figo. Vipande vya zile kingamwili vinaweza kuziba figo, na figo zikiumia daktari wa lishe anaweza kusema kiasi fulani cha protini, si zaidi. Kiasi kinapimwa kwa mtu, si kwa grupu. Na maji anywe vile ameambiwa, na dawa za maumivu kama brufeni msimnunulie duka la dawa bila kuuliza, hizo figo zinazichukia.

*

Sasa mkuu. Nasoma biokemia huku Juja. Tuliambiwa kuna watoto wanazaliwa ribosomu zao zina hitilafu, wanakosa damu, halafu wakikua wako kwa hatari kubwa ya lukemia, kansa ya chembe za damu. Mimi hapo ndio napotea. Kansa si ni seli kukua mbio? Kiwanda kikiwa kimelala si ndio tuwe salama?
Mwanafunzi, Juja

Hii swali nimeifurahia mpaka nikaisoma kwa sauti tukiwa kwa chai.

Hao watoto pengine mliambiwa ni wa Diamond-Blackfan, ugonjwa uliopewa jina la madaktari wawili wa Boston walioueleza 1938. Mtoto hajafikisha mwaka, amepauka, uboho uko sawa kwa mambo mengine lakini chembe nyekundu haziji. Watu walikaa miaka 60 bila kujua ni nini, mpaka 1999 ikapatikana kwamba kama robo yao hivi wana kasoro kwa jeni ya RPS19, na RPS19 ni nini, ni kimoja tu kati ya vipande karibu 80 vya protini vinavyojenga ribosomu yenyewe. Yaani mama mwenyewe wa shanga amekosa kidole.

Kwa nini damu nyekundu ndio iumie kwanza? Fanya hesabu. Mwili wa mtu mzima unatoa chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, na kila chembe inabeba hemoglobini kama milioni 270. Hakuna karakana nyingine mwilini ina oda kama hiyo, kwa hivyo mashine zikipungua hata kidogo ni hapo utaona kwanza.

Sasa seli si mjinga, ikiona ribosomu hazijengeki inaita askari. Kuna vipande vya ribosomu, RPL5 na RPL11, ambavyo vikikosa pa kukaa vinazurura na kumshika MDM2, na huyo MDM2 kazi yake kila siku ni kumzuia askari anaitwa p53. MDM2 akishikwa, p53 anaamka, anasimamisha seli ama anaiua. Ndio sababu ya upungufu wa damu: seli zinauliwa na askari wao wenyewe kabla hazijakomaa.

Hapo sasa piga picha uboho wote uko hivyo, miaka na miaka, kila seli imewekwa chini na askari. Siku moja seli moja kati ya hizo mamilioni inapata hitilafu ingine, wakati mwingine ni p53 mwenyewe anaharibika. Hiyo seli haikupona ribosomu, bado ni kiwete, lakini haina askari. Wenzake wote wamekalishwa, yeye anapata uwanja mtupu. Hajahitaji kuwa na mbio sana, ametosha kuwa peke yake anayekimbia. Ndio maana mgonjwa anaanza na damu kidogo anamalizia na damu iliyojaa seli zisizo na kazi. Hayo ndio maelezo mimi naona yanashika zaidi.

Na si watoto tu. Kuna wazee, zaidi akina mama, wanaopoteza kipande cha kromosomu ya 5 ndani ya seli za uboho, hawakuzaliwa nayo, ilitokea ukubwani. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza 1974 na madaktari wa Ubelgiji, na 2008 watafiti wa Boston wakaonyesha kwamba kati ya jeni zote zilizopotea kwa kile kipande, RPS14 ndio inaleta ule upungufu wa damu. Tena ribosomu! Kwa darubini utaona zile seli kubwa za kutengeneza chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambazo kawaida kiini chake kimekunjamana kama tangawizi, sasa kiini ni duara moja tu limekaa. Baadhi ya hawa wagonjwa baadaye wanaingia lukemia kamili.

Bado kuna kitu kingine walimu huwa wanakipitia haraka. Si wingi tu unaoharibika, ni uchaguzi. 2013 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walipata watoto wenye lukemia ya seli nyeupe za aina ya T ambao ribosomu yao ilikuwa na shanga moja imebadilishwa, kwa kipande cha RPL10, nambari 98. Moja. Na baadaye ikaonekana ribosomu kama hiyo haitungi kila mchoro sawa, inapendelea mingine, kama ule wa BCL-2 unaoizuia seli kufa. Ni kama mama wa shanga ambaye ukimpa oda kumi anamaliza kwanza zile za rafiki yake.

Na kama unataka kitu cha kubishana na mwalimu, tafuta kazi ya 2014 juu ya panya, watafiti walipima seli shina za damu, zile zinazozaa seli zingine zote za damu, wakakuta zinatunga protini kidogo kuliko karibu seli zote za damu. Wakiongeza mwendo, seli shina zinaharibika. Wakipunguza chini ya kawaida, pia zinaharibika. Halafu kwa panya waliotengenezwa wapate lukemia, kupunguza mwendo wa ribosomu kulizuia lukemia isitokee. Kwa hivyo swali lako si la kijinga hata kidogo, kuna mahali mwendo wa chini unasaidia na kuna mahali unaua, inategemea ni seli gani na imekaa hivyo kwa muda gani.

*

Kwetu ni Siaya lakini nakaa Pipeline. Mtoto wa dada yangu, miaka 6, amefura taya upande mmoja na meno yanacheza, kwa wiki mbili imekuwa kubwa sana. Nyumbani wanasema ni jino. Nimesoma kuna kansa ya taya, hiyo pia ni ya damu?
Mama Mdogo, Pipeline

Usimalize kusoma hii, piga simu wampeleke hospitali kubwa leo, kesho ikizidi sana. Inaweza kuwa jino kweli. Lakini kuna limfoma inaitwa Burkitt ambayo seli zake zinaweza kujizidisha maradufu kwa siku moja ama mbili, na ni ya watoto wa umri huo, na kwetu Kenya inapatikana sana upande wa ziwa na Pwani, mahali malaria iko. Inajibu kemo vizuri sana ikishikwa mapema, wiki mbili tatu zina maana hapo.

Ukishapiga simu ndio usome hii. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, ndiye aliiandika 1958 akieleza watoto wenye taya zimefura. Ni kansa ya seli nyeupe za limfu, ndio, ni jamii ya kansa za damu. Kinachotokea, kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia mara nyingi kwa ya 14 na jeni inaitwa MYC inajikuta karibu na swichi ya kutengeneza kingamwili, swichi ambayo kwa seli hizo haizimwi. MYC ni kama msimamizi anayeajiri: akiwaka, seli inajenga ribosomu juu ya ribosomu. Seli zake kwa darubini ni bluu kali na vitobo vyeupe kama kitambaa kimeliwa na nondo, ukishaziona mara moja huzisahau.

*

Kijana wangu ana lukemia, anatibiwa, namshukuru Mungu. Anadungwa sindano inaitwa asparajinesi na nesi aliniambia inanyima kansa chakula chake. Sasa si ile meseji ya protini ni ukweli basi?
Baba, Kawangware

Umenishika hapo, baba. Wacha nijitetee.

Nesi alisema sawa. Kati ya zile shanga 20 kuna moja inaitwa asparajini. Seli zako za kawaida zikiikosa zinajitengenezea. Seli nyingi za lukemia ya huyo kijana hazijui kujitengenezea vya kutosha, zinategemea ile inayopita kwa damu. Sindano inaikatakata kwa damu yote, ribosomu ya lukemia inafika mahali mchoro unasema asparajini, inaingiza mkono kwa bakuli, hakuna, inasimama. Hii ilianzia 1953, daktari mmoja New York, John Kidd, aliona maji ya damu ya simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa kama sungura wa masikio mafupi, yanaua limfoma ya panya, na ilichukua miaka kadhaa kujua siri ilikuwa ni asparajinesi, kimeng'enya kinachokatakata asparajini.

Lakini huwezi kufanya hiyo kwa sahani. Mwili wenyewe unatengeneza asparajini kila siku, ungemfungia mtoto njaa mpaka azimie na bado lukemia ingepata. Mpe uji wa maziwa, mpe mayai yaliyoiva vizuri, mpe chenye anataka. Cha kuangalia ni hiki: akilia tumbo kwa nguvu linalopenya mpaka mgongo na kutapika, ama afure uso na kushindwa kupumua baada ya sindano, ama mguu mmoja ufure, usingoje tarehe ya kliniki.

*

Kuna mzee anauza dawa ya miti huku Kariobangi anasema inasimamisha kansa ya damu. Madaktari wanadharau miti bure?
Msomaji, Kariobangi

Miti hatudharau. Kuna dawa ya lukemia sugu ya mailoidi, omasetaksini, iliyoruhusiwa Marekani 2012 kwa wale dawa zingine zimeshindwa, asili yake ni mti wa China, na kazi yake ni kukaa palepale kwenye ribosomu ambapo shanga mpya inafaa kuingia. Protini za maisha mafupi ambazo lukemia inazitegemea zinaisha kwanza. Lakini hiyo inapimwa kwa miligramu na damu inachekiwa mara kwa mara kwa sababu ikizidi inasimamisha na uboho mzuri. Muulize mzee wa Kariobangi kwa kikombe chake mna miligramu ngapi. Na kama mgonjwa wako anameza imatinibu, dawa ya vidonge ya lukemia hiyo, kuna miti inafanya ini iichome dawa haraka, chembe za lukemia zinaanza kupanda tena na nyinyi mnashangaa. Kabla ya kikombe, mwambie daktari.

*

Naenda gym, nakunywa unga wa protini kila asubuhi. Nitapata lukemia?
Roysambu

Hapana. Kama figo zako ziko sawa hizo ni shanga tu, na kwa bei ya huo mkebe ungenunua trei kadhaa za mayai.